Daftari la Nchi: Ardhi na Historia ya Iramba na Mkalama kwa Wanaushirika

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi, Kiomboi, mkoani Singida)



Mmezoea kuniona nikija kwenu na mkoba wa makaratasi, nikitaka leja, stakabadhi na kitabu cha benki. Leo nimeombwa nizungumze juu ya jiografia na historia ya nchi yetu hii ya Iramba na Mkalama. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: mkaguzi wa hesabu ana nini na milima, maziwa na mambo ya kale? Sina budi kuanza kwa kulijibu swali hilo, nami nitalijibu kwa kisa kimoja nilichokishuhudia mwenyewe.

Chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina, kina ghala la mawe lililojengwa na wanachama wenyewe katika miaka ya 1960. Kila nilipofika kukagua nilikuta katika rejesta ya mali maneno haya: "Ghala 1, kiwanja 1." Nami niliweka alama ya vema, nikaendelea na ukurasa uliofuata. Nilifanya hivyo miaka sita mfululizo. Mwaka wa saba akatokea kijana mmoja, mjukuu wa mzee aliyekuwa na shamba mahali pale, akadai kwamba babu yake alikiazima tu chama kiwanja kile, hakukitoa. Alitaka kirudi kwa ukoo. Niliwauliza wajumbe wa bodi: "Kiwanja hiki mlipewa na nani, mwaka gani, mbele ya mashahidi gani, na mpaka wake unaishia wapi?" Walitazamana. Mwishowe Katibu akasema kwa sauti ya chini: "Aliyekuwa akijua ni mzee mmoja tu, naye tulimzika miezi minne iliyopita."

Mwisho wa kisa hiki nitawaeleza baadaye. Kwa sasa naomba tulishike neno moja. Chama kinaweza kuijua bei ya alizeti ya leo asubuhi, na bado kisiijue nchi kilipokaa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi ni mali iliyo kubwa kuliko zote tulizo nazo, na daftari lake ni historia yake.

UMBO LA NCHI YETU

Hapa Kiomboi tuko juu ya uwanda wa Iramba, yapata meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi uwanda huu hauteremki polepole, bali unakatika. Kila aliyesafiri kwenda Nzega ameuona mkatiko huo pale mlima Sekenke, ambapo barabara hushuka kwa kona kali kuelekea Shelui, na mbele yake ikatandaa mbuga ya Wembere, tambarare mpaka macho yachoke. Mkatiko huo ni sehemu ya mipasuko ile ile ya ardhi iliyofanya Bonde la Ufa, ambayo pia hupita upande wa Manyoni, chini ya Kilimatinde.

Basi tunazo nchi mbili katika moja. Juu uwandani mwamba ni wa matale, na udongo uliotokana na mwamba huo kwa sehemu kubwa ni kichanga, chepesi kulima na chepesi kuchoka. Huko ndiko kwenye mtama, uwele, mahindi, viazi vitamu, na siku hizi alizeti, zao lililoufanya mkoa wa Singida ujulikane nchi nzima. Chini mbugani udongo ni mfinyanzi mweusi. Huko kuna pamba, mpunga na dengu, na malisho ya ng'ombe.

Katibu asidhani kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Mfinyanzi mweusi ukilowa hunasa gari kwa siku nzima. Ukikauka hupasuka nyufa ambazo mtoto huweza kuingiza mkono. Chama cha mbugani kinachopanga kusomba mazao mwezi wa Machi kinapanga hasara, na ghala linalojengwa juu ya udongo huo kwa msingi wa ghala la uwandani hupasuka kuta kabla deni la saruji halijalipwa. Nimekagua vyama viwili vilivyofuata ramani moja ya jengo, kimoja juu na kimoja chini. Ghala la juu limesimama. La chini limefungwa nguzo za miti kila upande kama mgonjwa aliyeshikwa mabega.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa mwaka wa kawaida hupatikana kati ya milimeta 500 na 800. Kiasi hicho hutosha mkulima aliyewahi kupanda, wala hakimsamehe aliyechelewa.

Sasa tuyafuate maji. Maji ya Wembere hukusanyika katika ziwa Kitangiri, ambalo wenzetu wa Tulya huvua samaki humo. Kutoka Kitangiri maji hutoka kwa mto Sibiti, mto ule ambao leo una daraja la kutuunganisha na Meatu, mkoani Simiyu. Sibiti nao humimina katika ziwa Eyasi, na safari ya maji huishia hapo. Eyasi halina njia ya kutokea. Maji hukaushwa na jua, chumvi hubaki. Ndiyo sababu Eyasi ni la chumvi, kama yalivyo pia maziwa ya Singidani na Kindai kando ya mji wa Singida. Kwa ufupi, Ndugu Wanachama, tone linaloanguka juu ya paa la ghala la Shelui halifiki baharini kamwe.

MGENI ALIYEANDIKA KWA HARAKA

Kuhusu maji hayo kuna jambo linalofaa kutufunza. Mnamo Januari 1875 msafiri Henry Morton Stanley alipita katika nchi hii akielekea Ziwa Victoria. Safari hiyo ilikuwa ngumu. Mmoja wa Waingereza aliofuatana nao, Edward Pocock, alifariki kwa homa katika nchi ya Wanyaturu na akazikwa huko, na siku chache baadaye msafara ulipigana na wenyeji mahali ambapo Stanley alipaita Vinyata. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1878 aliandika kwamba vijito alivyoviona huku ndivyo mwanzo wa mbali kabisa, upande wa kusini, wa mto Nile. Alidhani vinaungana na mto Simiyu na kuingia Ziwa Victoria.

Alikosea, na kosa lake mtu yeyote mwenye vipimo huweza kulithibitisha. Ziwa Victoria liko yapata meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Eyasi liko yapata meta 1,030. Maji hayapandi mlima. Maji ya Wembere hayawezi kwenda Victoria. Kama yangekutana, ya Victoria ndiyo yangekuja kwetu. Wajerumani walilitambua jambo hilo. Kabla ya vita vya 1914 waliipima mbuga ya Wembere wakikusudia kuleta maji ya Ziwa Victoria kwa mfereji ili kumwagilia mashamba ya pamba. Mfereji huo haukuchimbwa.

Siwasimulii haya ili tumcheke mtu aliyekwisha kufa. Stanley alipita kwa majuma machache, hakuijua lugha ya wenyeji, akaandika. Wazee wetu waliokunywa maji ya mito hiyo maisha yao yote walijua yanakoelekea, lakini hawakuandika. Kwa miaka mingi wasomaji wa Ulaya waliamini neno la yule aliyeandika. Hivyo ndivyo mambo yalivyo hata katika mabaraza ya ardhi leo: neno lililoandikwa, hata kama lina kasoro, hulishinda neno la kweli lililozikwa pamoja na mwenyewe.

WALIOKUJA NA WALIOKAA

Tuje sasa kwenye historia ya watu. Wazee wa Isanzu husimulia kwamba mababu zao walitoka kisiwa cha Ukerewe, wakafika na kukaa Kirumi, ambako palikuwa makao ya watemi wao. Kazi kubwa ya utemi ilikuwa mvua. Na kuna jambo moja la Isanzu ambalo napenda kila mwekahazina alisikie: shughuli ya mvua haikukamilika kwa mtu mmoja. Ilitaka mwanamume na mwanamke wa ukoo wa kitemi, wote wawili. Mmoja akikosekana, shughuli ilikuwa na kasoro. Mnaona, basi, kwamba desturi ya sahihi mbili haikuletwa hapa na benki.

Pamoja na Wanyisanzu wako Wanyiramba na Wanyambi. Kusini yetu wako Wanyaturu. Kaskazini, kuelekea Eyasi, wako Wahadzabe ambao wameishi kwa kuwinda, asali na matunda tangu zama ambazo hakuna ukoo wetu hata mmoja unaozikumbuka. Wamekuja pia Wadatoga na Wasukuma na mifugo yao. Chama chochote cha msingi katika Mkalama kina majina ya makabila matatu au manne katika rejesta moja ya wanachama, na hiyo ni heshima kwetu.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita kusini, katika nchi kavu ya vichaka iliyoitwa Mgunda Mkali, ambayo leo iko upande wa Manyoni na Itigi. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwenyewe mwaka 1871. Kisha wakaja Wajerumani, wakajenga boma Mkalama na kuitawala nchi kutoka hapo. Mwaka 1908 Wanyaturu waliinuka dhidi yao. Katika simulizi za mapambano hayo jina linalotajwa kwanza ni la mwanamke, Liti Kidanka, ambaye inasemekana aliwarushia askari nyuki. Leo uwanja wa michezo wa Singida unaitwa kwa jina lake. Jina hilo lilihifadhiwa kwa midomo ya kina mama na mababu mpaka likafikia vitabu. Ni bahati njema, lakini tusitegemee bahati.

Wakati wa Waingereza makao ya utawala yalihamia Singida, na boma la Mkalama likaachwa. Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na mwaka huo huo Singida ikawa mkoa. Mkalama ilirudi kuwa makao ya jina la wilaya mwaka 2012 ilipogawanywa kutoka Iramba, ijapokuwa ofisi zake ziko Nduguti.

VITU VILIVYOPITA

Naomba sasa tufanye hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Tuorodheshe vitu vilivyokuja katika nchi hii na kuondoka, kisha vile vilivyokuja vikabaki.

Cha kwanza ni dhahabu. Dhahabu iligunduliwa Sekenke mwaka 1907, ikawa mgodi wa kwanza wa dhahabu wa maana katika koloni la Wajerumani. Vita vilipowakata wasipate fedha kutoka kwao, mwaka 1916 walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli karibu na Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja zina tembo na nyuma yake mlima Kilimanjaro. Zilifuliwa zaidi ya 16,000, na leo wakusanyaji wa sarafu katika nchi za mbali huzinunua kwa bei kubwa. Tembo yumo, Kilimanjaro umo. Jina la Sekenke halimo.

Cha pili ni reli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni, kwenye Reli ya Kati, kupitia Singida hadi Kinyangiri. Mizigo haikutosha kulipia gharama, na katika miaka ya 1940 mataruma na vyuma viling'olewa. Miaka mingi baadaye reli ilirudi Singida mjini, lakini Kinyangiri haikurudi. Mwenye macho huweza bado kuuona mstari wa tuta mahali ambapo treni ilipita, na wapo watoto wanaochunga mbuzi juu yake bila kujua kwamba ni njia ya reli.

Vilivyobaki navyo vipo. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani walianza kazi Iramba katika miaka ya 1920. Kutokana na kazi hiyo tunazo hospitali za Kiomboi na Iambi, na chuo cha ualimu Kinampanda. Mimi sizungumzii dini ya mtu. Nazungumzia kwa nini vitu hivyo havikung'olewa kama reli. Vilibaki kwa sababu wenyeji walifundishwa kuviendesha, wauguzi na walimu wakatoka vijijini humu humu. Reli ilipokwenda hakukuwa na mwenyeji wa Kinyangiri aliyeshika kitabu chake hata kimoja.

Kisha kuna kitu kimoja kilichoondoka na kurudi, nacho ndicho ushirika wenyewe. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ni ya mwaka 1932. Baada ya uhuru vyama viliongezeka kwa kasi, na maghala mengi tunayoyaona leo yalijengwa wakati huo. Ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, ambapo familia nyingi za Singida zilihamishwa kutoka mahame yao na kuwekwa pamoja. Watu walioacha mashamba yao na kulima ya wengine, na waliopokea wageni juu ya mashamba yao, wote walifanya hivyo kwa maneno ya mdomo. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali. Kazi yao ikachukuliwa na mamlaka za mazao, na kijiji chenyewe kikahesabiwa kuwa chama. Maghala ya vyama vya msingi yakawa ya vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na vyama vikuu vikaanza upya mwaka 1984.

Ndugu Makatibu, hebu mfikirie kiwanja kimoja katika miaka hiyo. Kilikuwa cha ukoo, kikapewa chama, watu wakahamishiwa juu yake, chama kikavunjwa, kikawa cha kijiji, kijiji kikarudishia chama kilichozaliwa upya. Mara nne au tano kilibadili mkono, na pengine mara zote hizo hapakuandikwa hata mstari mmoja. Je, tushangae mjukuu akija na madai? Mjukuu huyo si mwizi. Amesikia neno la babu yake, kama nasi tulivyosikia la wetu.

MWISHO WA KISA

Niliahidi kuwaeleza mwisho wa kisa cha ghala. Tuliitafuta karatasi yoyote kwa muda wa juma zima. Ofisi ya kijiji haikuwa nayo. Mwishowe mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa karani wa chama hicho katika miaka ya 1960, aliposikia habari alituma mtoto atuite. Alifungua sanduku la bati, akatoa chini ya vitenge daftari la shule lililoliwa na mchwa pembeni. Ndani yake, kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya wino, yaliandikwa majina ya wanachama, na mbele ya kila jina idadi ya madebe ya mchanga na siku za kubeba mawe. Katika ukurasa mmoja iliandikwa kwamba mzee fulani, mbele ya mashahidi watatu, "ametoa mahali pa kujenga ghala kwa muda wote chama kitakapokuwepo."

Mjukuu alipousoma ukurasa ule alinyamaza kwa kitambo. Jina la babu yake lilikuwa la kwanza pia katika orodha ya waliobeba mawe. Akasema, "Ghala libaki." Lakini daftari halikutaja mpaka. Liliandika "mahali pa kujenga ghala," wala halikusema neno juu ya uwanja wa kuanikia uliokuwa mbele ya ghala. Baraza liliamua kwamba ghala ni la chama na uwanja ni wa ukoo. Tangu siku hiyo wanachama wa chama kile huanika alizeti kando ya barabara, na mvua ya ghafla ya mwaka uliofuata iliwalowanishia magunia ambayo mnunuzi aliyakataa.

Mstari mmoja ulikiokoa chama ghala, na mstari mmoja uliokosekana ulikipotezea uwanja. Nami nakiri mbele yenu: kwa miaka sita nilikuwa na nafasi ya kuuliza wakati yule mzee angali hai, sikuuliza. Niliandika "kipo" kwa kuwa nilikiona kwa macho. Tangu hapo sikubali tena neno hilo katika rejesta ya mali, wala lisikubaliwe na ninyi.

TUFANYE NINI

Napendekeza kila chama cha msingi kiwe na Daftari la Nchi. Halihitaji fedha nyingi. Kitabu kimoja kikubwa chenye jalada gumu kinatosha. Katibu alishike, bodi ilisome mara moja kwa mwaka, na lisomwe mbele ya Mkutano Mkuu ili wanachama walisahihishe.

Kwanza, liandikwe umbo la eneo la chama: vilima, mito ya msimu, visima, aina za udongo, na barabara zipi hufungwa mwezi gani. Mchoro wa mkono unafaa, mradi uonyeshe kaskazini.

Pili, iandikwe kila mali isiyohamishika ya chama: ilipatikana mwaka gani, kwa nani, mbele ya nani, na mipaka yake pande zote nne kwa hatua au kwa meta, ikitaja alama zinazodumu. Mti si alama inayodumu. Jiwe kubwa ni alama, na mawe Singida hayajapata kutupungukia.

Tatu, pale ambapo hakuna hati, twendeni kwa Halmashauri ya Kijiji mapema, kabla ya ugomvi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, imeweka njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Nakala moja ibaki kwenye chama, nyingine kijijini, na ya tatu ikae mahali tofauti na hizo mbili, maana moto na mchwa havibagui ofisi.

Nne, wahojiwe wazee, wanaume na wanawake. Msiwaulize wakiwa pamoja, kwa kuwa mkubwa wao atasema na wengine wataitikia. Waulizeni mmoja mmoja, muandike jina, tarehe na mahali. Wakitofautiana, andikeni maneno ya wote wawili kama walivyosema. Kazi ya Katibu ni kuandika. Kuamua nani mkweli ni kazi ya baraza, kama ikilazimu. Waulizeni walikotoka kabla ya Operesheni Vijiji, nani aliwapokea, shamba gani lilikuwa la nani. Na msiwasahau wajane wa makarani na wapima mizani wa zamani. Masanduku yao ya bati huenda yana kumbukumbu kuliko kabati za ofisi zetu.

Tano, ipimwe mvua. Chama kikiwa na kipimo cha mvua na kijana mmoja mwaminifu wa kuandika kila asubuhi, baada ya miaka kumi kitakuwa na hazina. Mtu wa benki akiuliza kwa nini mkopo wa pembejeo ulichelewa kurudi, mtamwonyesha milimeta badala ya kumwonyesha huzuni.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi. Nitamaliza kwa kuwaomba jambo moja dogo mnaloweza kulitenda juma hili. Kila Katibu aliyeko hapa amtafute mwanachama mzee kuliko wote katika chama chake, aketi naye, amwulize swali lile lile nililochelewa kuuliza mimi: kiwanja cha ghala letu kilitolewa na nani, na kinaishia wapi? Aandike jibu, atie tarehe, amsomee mzee, naye atie sahihi au dole gumba. Nikija kwenye ukaguzi ujao nitaanza na ukurasa huo kabla sijafungua leja.